Paka, Jivu la Mekoni na Mvua ya Roret

Katika nyumba nyingi za Roret, huko Bureti kwenye nchi ya chai ya Kericho na Bomet, siku huanzia mekoni: kabla hakujapambazuka vyema, na umande ungali umelala juu ya majani chai yatakayochumwa baada ya saa moja, mama wa nyumba huinama mbele ya mafiga akafukua jivu la jana ili atafute kaa lililosalia na uhai, na mara nyingine, badala ya kaa, mkono wake hukutana na kitu chororo chenye harufu isiyohitaji maelezo kwa msomaji aliyewahi kufuga paka. Hapo mashtaka huanza. Paka huitwa mchafu, huitwa mwenye inda, na wako wamwitao mchawi. Husakwa kwa kipande cha ukuni hadi uvunguni mwa kitanda, na akikamatwa husuguliwa pua katika uchafu ule ule, kwa dhana ya kwamba ameadhibiwa akafahamu. Naye hafahamu lolote ila kwamba mtu huyu si wa kuaminiwa, na kwamba siku nyingine haja yake ataiendea mahali pa siri zaidi, nyuma ya magunia ya mahindi au ndani ya kapu la nguo za kufuliwa.

Makala haya yanamtetea mshtakiwa. Paka aliyekosea choo hana kisasi wala kiburi. Yamkini ni mgonjwa, au nyumba imempangia mambo asiyoyaweza, na mwenye kutaka kuukomesha uchafu huo sharti kwanza ajue ni lipi kati ya hayo mawili, maana dawa ya moja haiwi dawa ya jingine, na fimbo haitibu lolote.

Tuanze na jivu lenyewe. Paka wa nyumbani asili yake ni kimburu wa Afrika ya Kaskazini na Asia ya Magharibi, jambo ambalo uchunguzi wa nasaba uliochapishwa mwaka 2007 uliliweka wazi, na kimburu huyo ni mnyama wa nchi kavu: hunywa maji kidogo, figo zake huyahifadhi maji hayo kwa ubahili hata mkojo ukatoka mzito na mkali, na anapokwenda haja hutafuta udongo mkavu, mwepesi, wenye chembe ndogo, unaochimbika kwa kucha bila ya kuumiza, ili afukie alichokiacha. Hulka hiyo paka wetu ameirithi kwa ukamilifu. Hata mtoto wa paka wa majuma machache, asiyefundishwa na mtu, akiwekwa juu ya mchanga huanza kuparura. Basi tufikiri: nje ya nyumba ya Roret udongo mwekundu umelowa na kunata, ndani sakafu ni ya saruji, na kitu kimoja tu ndicho kikavu, chepesi, laini, na tena chenye vuguvugu usiku kucha. Jivu la mekoni ndilo choo alichojichagulia paka kwa kukosa kupewa kingine.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya Bureti peke yake. Marekani nako, mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili, wafugao paka ndani ya nyumba walitumia mchanga, udongo, au jivu la majiko yao, na paka akitoka humo hupiga chapa za nyayo nyumba nzima. Mwaka 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis, jimbo la Michigan, jirani mmoja aliyechoshwa na chapa hizo alimwendea kijana Edward Lowe kuomba mchanga, naye Lowe, ambaye baba yake alikuwa akiuza vitu vya kunyonyea mafuta yaliyomwagika viwandani, akampa badala yake chembe za udongo mkavu wa kazi hiyo. Udongo ule ulinyonya mkojo na kuizuia harufu kuliko jivu, jirani akarudi kutaka mwingine, na Lowe akautia katika mifuko akauuza. Kutoka hapo ikazuka biashara ambayo mifuko yake leo hupatikana katika maduka makubwa ya Nairobi, kwa bei ambayo mwenye kuchuma chai kwa kilo akiisikia atacheka kwanza, kisha atauliza kama udongo huo umetoka mbinguni.

Zamani jambo hili halikuwa zito. Nyumba ilikuwa ya msonge, sakafu yake ya udongo uliokandikwa kwa samadi, mlango wazi tangu alfajiri hadi magharibi, na paka, ambaye kazi yake ilikuwa kulinda ghala la nafaka, aliingia na kutoka kama apendavyo. Leo nyumba ni ya mabati na saruji, sebuleni mna makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na maadamu watu wazima wako kwenye chai au kwenye mananasi na watoto wako shuleni, mlango hutiwa kufuli mchana kutwa na komeo usiku kucha. Fauka ya hayo kuna mvua. Nchi ya Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima, aghalabu alasiri, mawingu yakijikusanya kutoka upande wa Ziwa Viktoria kwa ngurumo na mara kwa mara kwa mvua ya mawe, ile inayoyatoboa majani chai na kumtia mkulima hasara. Na paka hachukii kitu kama kulowa. Huko nje pia yuko mbwa wa jirani, na yuko shume, dume kubwa lisilo na mwenyewe, lenye masikio yaliyochanika kwa mapigano, ambalo limeweka himaya yake kuanzia zizini hadi kwenye migomba na halimruhusu mwenziwe kuchutama hata dakika moja. Mwenye nyumba huona shamba zima la chai kuwa choo cha paka. Paka yeye huona mvua, mbwa na shume, kisha mlango uliofungwa.

Lakini kabla ya kuihukumu nyumba, uchunguzwe mwili. Paka aliyekuwa msafi miaka mitatu kisha ghafla akaanza kukojoa kitandani ana habari anayoileta, na habari hiyo mara nyingi ni ya maumivu. Mwenye macho atamwona akienda chooni kila baada ya muda mfupi, akichutama, akikaza mgongo, akilia kwa sauti nzito isiyo ya kawaida yake, akijilamba mno sehemu za siri, na kinachotoka ni tone moja au mawili, pengine lenye wekundu wa damu. Paka huyo akiwa jike, apelekwe kwa daktari upesi. Akiwa dume na hapatoki hata tone, aende saa hiyo hiyo, kwani mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana, huzibika kwa vifuwele na ute, na mkojo ukishazuiliwa sumu yake hurejea damuni ikaweza kumwua kwa siku moja mbili. Wengi hudhani mnyama huyo amefunga choo, wakamnywesha mafuta ya kupikia, na kumbe saa zinakwenda.

Jambo moja katika maradhi haya huwashangaza watu. Kwa paka ambaye hajazeeka, kukojoa kwa taabu aghalabu hakutokani na vijidudu. Kibofu huvimba na kuuma bila ya vijidudu kuonekana, na miongoni mwa mambo yanayouchochea uvimbe huo ni wasiwasi: mgeni aliyehamia, paka mwingine aliyeletwa, kelele za fundi anayeezeka, shume anayechungulia dirishani. Kwa hiyo ile sindano iliyobaki baada ya kutibiwa ng'ombe, ambayo mtu huiweka juu ya kabati akingoja siku ya dharura, haitamfaa paka huyu, na huenda ikamdhuru. Kidonge cha paracetamol ni kibaya zaidi: ini la paka haliwezi kukivunja, na hata kipande chake chaweza kumwua. Kwa paka mzee fikira ziende kwenye figo, kisukari, au maumivu ya viungo yanayomfanya ashindwe kuruka ukingo wa choo chake. Na kwa haja kubwa iliyo majimaji kuna sababu mbili ambazo katika nchi ya wafuga ng'ombe hazina budi kutajwa. Ya kwanza ni maziwa, kwani paka wengi wakishakua hawayamudu maziwa mabichi, nao hapa hupewa bakuli zima kila ng'ombe anapokamwa, likiwa ndilo ujira wao. Ya pili ni minyoo, ambayo paka mwindaji huipata kwa panya anaowala.

Kuna pia haya, nayo tuiseme wazi. Daktari wa mifugo wa vijijini anajulikana kwa ng'ombe. Huja kwa pikipiki kumpandisha ng'ombe kwa mrija, au kumtazama ndama mwenye homa ya kupe, na watu huona aibu kumwonyesha paka. Walakini mama anayethubutu kusema, "Daktari, usinicheke, nina mgonjwa mwingine jikoni," aghalabu hujibiwa, "Mlete, mama, naye ni mnyama," na uchunguzi wa kibofu, unaofanywa kwa kuliminya tumbo polepole kwa vidole, hauchukui muda kuliko ule wa kunawa mikono baada ya ng'ombe.

Ikiwa mwili ni mzima, yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Paka anayekwenda haja huchutama, huacha mkojo mwingi mahali palipo tambarare, na mara nyingi huparura pembeni hata kama ni juu ya godoro. Anayetia alama hufanya vingine kabisa: husimama wima, huupa ukuta au mguu wa kochi kisogo, huinua mkia ukatetemeka ncha yake, hukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma, kisha hutupa mchirizi mwembamba kwa nyuma, kimo cha goti la mtoto, akaenda zake bila ya kufukia chochote. Hiyo ni barua anayowaandikia paka wengine, na wengi wa waandishi wake ni madume yasiyohasiwa. Choo kizuri hakitamzuia. Kitakachomzuia ni kuhasiwa, ambako kwa takriban madume kenda katika kumi huikomesha tabia hiyo au kuipunguza sana, hasa kukifanywa mapema kabla haijawa mazoea. Wapo waonao kuhasi paka kuwa ni kumwonea, ilhali hao hao huwahasi mafahali wao bila ya kukosa usingizi. Hoja yao nimeisikia mara nyingi na sijaona uzito wake.

Sasa choo chenyewe. Wengi huchukua mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, ule wa lita 20, wakaukata ubavuni kwa kisu kilichopashwa moto na kuulaza chali; kifaa hicho kinamtosha mtoto wa paka, lakini paka mzima akiingia humo hawezi kugeuka, makalio yake hubaki nje ya ukingo, na mkojo humwagika sakafuni ingawa yeye amefanya yaliyompasa. Mzima apewe beseni pana la kufulia, hata lililopasuka mdomo, lenye urefu uzidio urefu wa mwili wake kwa nusu, na upande mmoja ukatwe ushuke ili aingie bila ya kuruka. Ndani utiwe mchanga wa mto uliokaushwa na kuchekechwa, kina cha vidole viwili vitatu, au maranda laini na unga wa mbao kutoka kwenye mashine za kupasulia mbao, mradi viwe vikavu na visiwe vya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa.

Na jivu je? Jivu peke yake silipendekezi: likipata maji hutoa magadi makali yanayouchoma wayo, na paka hulilamba kila linaloshika kwenye wayo wake. Walakini paka aliyezoea meko anaweza kuhamishwa kwa jivu hilo hilo, kwa kunyunyiza konzi moja ya jivu lililopoa kabisa juu ya mchanga mpya kwa siku chache, ili pua yake ipatambue mahali, huku meko yenyewe ikifunikwa kila usiku kwa kipande cha bati au karai lililopinduliwa. Wako pia waliofikiri kwamba, maadamu nchi ni ya chai, makapi ya chai yaliyokaushwa yangefaa kuwa choo. Fikira hiyo ni nzuri kwa masikio, lakini chai ina kafeini, nayo ni sumu kwa paka, kwa hiyo makapi na yabaki kwenye mbolea ya migomba.

Mahali pa kukiweka choo hupuuzwa kuliko yote, nami naona ndipo nyumba nyingi zinapokosea. Paka hatakwenda haja karibu na bakuli lake la chakula, wala njiani ambako watoto hupita wakikimbia, wala katika pembe isiyo na njia ya pili ambamo mbwa aweza kumzingia. Anataka faragha, lakini faragha anayoweza kuitoroka: upande wa nyuma wa stoo, mathalani, au barazani chini ya mabati pasipofikiwa na mrusho wa mvua. Nyumba yenye paka wawili iwe na vyoo vitatu, jambo linaloonekana israfu mpaka mtu aone paka mmoja amelala mlangoni pa choo akimzuia mwenziwe kuingia. Uchafu uondolewe kila siku, na baada ya juma moja hivi vyote vimwagwe, beseni lioshwe kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato, kwani harufu ya waridi inayompendeza mwenye nyumba humkera mnyama ambaye pua yake inashinda yetu maradufu na zaidi.

Yamebaki yale yaliyokwisha kuharibika, na hapa hali ya hewa ya Roret ni adui. Mkojo wa paka dume una felinini, kitu chenye salfa ambacho kikivunjika hutoa ile harufu kali tuijuayo, na urea iliyomo hugeuzwa na bakteria kuwa amonia. Pakavu, harufu hufifia, lakini kila unyevu unaporudi hewani nayo hurudi, na katika nchi ambamo godoro likitolewa nje asubuhi hurudishwa mbio alasiri, unyevu haukosi. Mkojo ukiwa mbichi ufyonzwe kwa kitambaa kikavu kwa kukandamiza, bila ya kusugua. Kisha pamwagiwe siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, paachwe kidogo, pafuliwe kwa sabuni ya unga ile yenye vimeng'enya, pasuuzwe, na jua likionekana hata nusu saa litumiwe. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isimwagwe juu ya mkojo, kwa kuwa ikikutana na amonia hutoa hewa yenye sumu inayochoma kifua. Na zile dawa za fenoli, zigeukazo nyeupe zikitiwa majini, zisipakwe mahali ambapo paka hukanyaga, kwani mwili wake hauwezi kuiondoa sumu hiyo. Asiyejua harufu inatoka pembe ipi aazime usiku ile taa ya urujuanimno ambayo wenye maduka huitumia kukagua noti bandia, azime taa nyingine zote, apitishe mwanga wake kwenye kuta na makochi, na madoa ya mkojo yatang'aa kwa rangi ya kijani iliyochujuka. Mahindi yaliyolowa mkojo yatengwe, yasipelekwe kinuni wala kwenye mashine ya posho.

Watu wa pwani, ambako paka wa Lamu hulala popote wapendapo na kwenda haja katika mchanga wa vichochoro, wana tofauti nzuri katika jambo hili. Wameipokea habari ya sahaba Abu Qatada, aliyeinamisha chombo chake cha maji ya udhu ili paka anywe, kisha akamweleza mkaza mwanawe aliyestaajabu kwamba Mtume alisema paka si najisi, kwa kuwa ni miongoni mwa wale wanaotuzunguka majumbani. Bali mkojo wake, kwa wanazuoni wa Kishafii, ni najisi, na nguo iliyoguswa haiswaliwi mpaka itwahirishwe. Mnyama amepewa heshima yake, na uchafu umepewa hukumu yake, wala kimoja hakikuchukuzwa mzigo wa kingine. Na waliosema kwamba paka wa nyumba haingwa nadhani walikuwa katika njia hiyo hiyo.

Kinyesi hakina budi kutajwa peke yake kwa sababu ya kijidudu kiitwacho toksoplasma, kilichotambuliwa mara ya kwanza mjini Tunis mwaka 1908 na Charles Nicolle na Louis Manceaux, na ambacho mnamo mwaka 1970 wataalamu walithibitisha kwamba mayai yake hutoka katika kinyesi cha paka. Mwenye mimba akiambukizwa kwa mara ya kwanza, kijusi chake chaweza kudhurika macho na ubongo. Lakini mayai hayo hayawi na nguvu ya kuambukiza mpaka yakae nje siku moja hadi tano, na kwa sababu hiyo choo kinachosafishwa kila siku ni salama kuliko jivu linalozolewa mara moja kwa juma, na jivu hilo, ambalo wengi hulimwaga kwenye bustani ya sukuma wiki na managu nyuma ya jiko, lisipelekwe huko ikiwa paka amelitumia. Yote yatiwe katika shimo la choo cha watu. Mwenye mimba asiiguse kazi hii. Iachiwe mwingine, na katika nyumba nyingi mwingine huyo atakuwa kijana wa kiume wa darasa la sita au la saba, atakayenung'unika siku mbili za kwanza, na ambaye mama yake atalazimika kumwita tena kutoka uwanjani ili anawe mikono kwa sabuni kabla hajashika sahani ya ugali.